Tandiko la Kokoto: Namna ya Kulikadiria na Kuliagiza

Katika mabonde ya Kakese na Mwamkulu, karibu na mji wa Mpanda, mpunga huvunwa mvua zikiisha kukoma. Masuke yakikatwa na kupurwa, punje huwa zina maji ndani yake, wala hazifai kutiwa magunia siku ile ile, maana zitashika ukungu na kuoza. Hapana budi zianikwe juani. Wengine huanika juu ya turubai, na wengine juu ya ardhi iliyofagiwa. Lakini mpunga ulioanikwa juu ya ardhi huokota vumbi na vijiwe, na vijiwe hivyo hupita mashineni pamoja na mchele. Mnunuzi akitafuna kimoja tu, bei huteremka. Kwa sababu hiyo mkulima mwenye akiba kidogo hutamani kujenga uani mwake sakafu ya zege ya kuanikia.

Sakafu ya namna hiyo si kazi kubwa kama nyumba, bali kwa mfuko wa mkulima si kazi ndogo. Watu huihesabu saruji kwa uangalifu, kwa kuwa kila mfuko hulipiwa fedha taslimu. Lakini kokoto zitandazwazo chini ya zege hawazihesabu. Husema tu, "Leteni tripu mbili," kana kwamba mawe hayanunuliwi. Hapo ndipo hasara ianzapo. Kokoto zikipungua, fundi hulifanya tandiko kuwa jembamba, na sakafu hupasuka kabla haijazeeka. Zikizidi, fedha za mpunga hulala uani kama chungu ya mawe, na kuku hupanda juu yake.

Yafaa kwanza kujua tandiko hilo lafanya kazi gani. Mtu aliyepita katika uwanda wa Katavi wakati wa kiangazi ameona ardhi nyeusi iliyopasuka nyufa pana, na viboko wa mto Katuma wamesongamana katika matope machache yaliyobaki. Miezi michache baadaye mvua hunyesha, nyufa zile hufumba, udongo huvimba, na magari hukwama. Udongo huo wa mbuga ni mfinyanzi unywao maji na kutanuka, kisha hukauka na kunywea. Zege haliwezi kufuata mwendo huo. Zege lina nguvu nyingi likibanwa kutoka juu, lakini likipindwa huvunjika upesi, kwa sababu halivumilii kuvutwa. Basi udongo ukiinuka upande mmoja na kushuka upande wa pili, sehemu ya sakafu huachwa bila egemeo. Gari la ng'ombe likipita hapo limebeba magunia, ufa huanza.

Tandiko la kokoto husaidia kwa njia tatu. Uzito ulio juu yake hausimami mahali pamoja. Kila kokoto huupokeza kwa kokoto zilizo chini na kando yake, hata uzito ule ufikapo kwenye udongo umekwisha kutawanyika mahali papana. Tena tandiko hulipa zege kitako kilicho sawasawa, pasipo shimo wala kichuguu. Na zaidi ya hayo hulizuia na unyevu. Maji ya ardhini hupanda katika udongo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi, kwa kuwa nafasi zilizo kati ya chembe za udongo ni ndogo mno. Katikati ya kokoto nafasi ni kubwa, nayo maji hayapati njia ya kupandia. Sakafu iliyolazwa juu ya mfinyanzi mtupu huweza kuwa na unyevu asubuhi ingawa mvua haikunyesha, na mpunga ulioachwa juu yake usiku huurudisha unyevu ule.

Lakini kokoto si dawa ya kila ardhi. Mahali ambapo udongo mweusi wa mbuga ni mnene, sentimita 10 za kokoto hazitauzuia usivimbe. Ni heri kutafuta mahali palipoinuka, penye udongo mwekundu mgumu. Ikiwa hapana mahali pengine, hupasa kuchimba udongo ule mweusi na kuuondoa, kisha kujaza moramu, yaani udongo mwekundu wenye changarawe, na kuushindilia, ndipo kokoto ziwekwe juu yake. Kazi hiyo huongeza gharama. Mwenye nyumba aijue kabla ya kumwita fundi, wala si baada ya kulipa.

Mtu wa Mpanda hana haja ya kwenda mbali ili aone kazi ya mawe yaliyovunjwa. Reli itokayo Kaliua, yenye urefu wa kilomita zipatazo 210, ilijengwa katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa karibu na Mpanda. Machimbo yale yalifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na watu na mizigo wakaendelea kuitumia. Behewa moja lililopakiwa ni tani nyingi, nalo hupita juu ya vipande viwili vyembamba vya chuma. Chuma hulala juu ya mataruma, na katika ujenzi mzuri wa reli, po pote duniani, mataruma hulazwa juu ya kokoto. Kama yangelala juu ya udongo mtupu, mvua ya siku nyingi ingeyadidimiza. Kokoto hupitisha maji na kuutawanya uzito. Sakafu ya mkulima yataka jambo lile lile, ijapokuwa mzigo wake ni mdogo.

Tena kokoto zenyewe zatofautiana. Katika Uingereza aliishi Mskoti mmoja, jina lake John Loudon McAdam, aliyezaliwa mwaka 1756 na kufa mwaka 1836. Mwaka 1816 alipewa kazi ya kusimamia barabara za Bristol. Yeye aliona kwamba mawe makubwa katika barabara hung'olewa na magurudumu, bali mawe madogo yaliyovunjwa, yenye pembe kali, hushikana kadiri yakanyagwavyo, hata huwa kama kitu kimoja. Akaagiza pasiwekwe jiwe lizidilo aunsi 6, yaani kama gramu 170. Hata leo barabara nyingi duniani hutengenezwa kwa shauri hilo. Kwa hiyo kokoto za mtoni, zilizoviringwa na maji hata zikawa laini kama mayai, hazifai sana kwa tandiko. Huteleza zenyewe kwa zenyewe, na fundi hushindilia mchana kutwa zisitulie. Zifaazo ni zile zilizovunjwa, za ukubwa mbalimbali, kuanzia sentimita 4 kushuka hata punje ndogo. Ndogo hujaza nafasi za kubwa, na zote hukazana.

Punje ndogo ni jambo moja, na tope ni jambo lingine. Muuzaji mwingine huchota kokoto pamoja na udongo wa chini, na mnunuzi hulipia udongo aliokuwa nao uani kwake. Kuna jaribio jepesi: hutiwa kokoto kiasi cha konzi mbili katika chupa pana ya kioo, hujazwa maji, hutikiswa sana, kisha chupa huachwa itulie. Mawe hushuka kwanza, mchanga hufuata, na tope hubaki juu. Tope likiwa ukanda mnene, mzigo huo usinunuliwe.

Sasa hesabu. Bwana Yesu alitaja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu kama mali yake yatosha kuumaliza. Na hesabu ya kokoto ni nyepesi kuliko ya mnara, kwa kuwa mwanafunzi ajuaye kuzidisha aweza kuifanya. Mathalani mkulima wa Kakese ataka sakafu yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Eneo lake ni mita za mraba 48. Mpunga ukitandazwa humo kwa unene wa sentimita 4, sakafu itapokea kama tani moja kwa mara moja, na hiyo yamtosha.

Hupiga vigingi vinne na kufunga kamba. Pembe hazina budi kuwa sawa, la sivyo hesabu yote itakwenda upande. Namna ya kuzijaribu ni ya kale, tena haihitaji chombo ila kamba ya kupimia. Pembe tatu yenye pande za 3, 4 na 5 daima ina pembe moja ya mraba. Hali kadhalika yenye pande za 6, 8 na 10. Basi katika sakafu hii, kutoka pembe moja hata pembe iliyo mkabala wake lazima iwe mita 10 kamili. Ikipatikana mita 10 na sentimita 12, kigingi kimoja kimekaa vibaya, nacho husogezwa.

Tandiko lazima lizidi sakafu kidogo pande zote, ili ukingo wa zege usikae juu ya udongo mtupu. Sentimita 15 kila upande zatosha. Kwa hiyo urefu wa tandiko si mita 8, bali mita 8.3; na upana si mita 6, bali 6.3. Zikizidishwa hupatikana mita za mraba 52.29. Wengi hukosea hapa, kwa kuwa hupima sakafu na kusahau ukingo wake.

Unene wa tandiko, likiisha kushindiliwa, uwe sentimita 10. Hupasa kuugeuza kuwa mita kabla ya kuzidisha, maana mita hazizidishwi kwa sentimita: sentimita 10 ni mita 0.1. Basi 52.29 mara 0.1 ni mita za ujazo 5.23 kwa karibu.

Mtu aweza kudhani ya kuwa kazi imekwisha, aagize mita 5 na robo. Siku ya kazi atashangaa kuona tandiko lina sentimita 8 tu. Sababu yake ni kwamba kokoto zilizo garini zimelala ovyo, na kati yake mna hewa nyingi. Zikishindiliwa, hewa hutoka, mawe hukaribiana, na chungu hupungua. Mtoto aliyejaza kibaba cha mahindi, kisha akakigonga ubavuni, amekwisha kuliona jambo hili. Kwa kokoto zilizovunjwa za ukubwa mchanganyiko yafaa kuongeza robo. 5.23 mara 1.25 ni 6.54. Tena ziko zinazozama katika udongo, zinazotawanyika njiani, na zinazobaki chini ya chungu zimechanganyika na vumbi. Kwa ajili ya hizo huongezwa sehemu moja ya ishirini, nayo jumla hufika 6.87. Mkulima huagiza mita za ujazo 7.

Yuko atakayesema kwamba sentimita 2 zilizopungua si neno. Na ahesabu kwanza. Uso wa juu wa zege umekwisha kupangwa kwa kamba. Ikiwa tandiko liko chini kwa sentimita 2, nafasi ile haiwi tupu, bali hujazwa zege. Mita za mraba 48 mara 0.02 ni 0.96, yaani karibu mita moja ya ujazo ya zege zaidi. Kwa mchanganyo wa kawaida wa saruji kipimo 1, mchanga 2 na kokoto 4, mita moja ya ujazo hula mifuko 6 na zaidi ya kilo 50. Basi aliyeokoa ndoo chache za mawe amelipa mifuko 6 ya saruji. Hakuna kokoto iliyo ghali kuliko ile iliyokosekana.

Jambo la mteremko nalo lina hasara iliyofichika. Sakafu ya kuanikia lazima iiname kidogo ili maji ya mvua yatiririke. Sentimita 1 kwa kila mita moja yatosha. Katika upana wa mita 6, upande mmoja utakuwa chini ya wenzake kwa sentimita 6. Fundi mvivu huchimba shimo lililo sawa, kisha huutengeneza mteremko kwa kokoto. Upande wa juu hupata unene wa sentimita 16, na upande wa chini sentimita 10. Wastani wake ni sentimita 13. Zile 3 zilizozidi, zikizidishwa kwa eneo la tandiko, ni mita za ujazo 1.57, na pamoja na robo ya kushindilia ni karibu mita 2. Ni heri kuuinamisha udongo wenyewe kwa jembe na kamba, kwa kuwa udongo haununuliwi. Tandiko hufuata mteremko ule likiwa na unene mmoja kila mahali.

Kokoto hutakiwa mara mbili katika kazi hii, na watu huchanganya hesabu hizo. Mara ya kwanza ni tandiko. Mara ya pili ni zege lenyewe: sakafu hii ikiwa na unene wa sentimita 10, zege lake ni mita za ujazo 4.8, nalo litataka mifuko ya saruji ipatayo 31, mchanga mita 2.1, na kokoto mita 4.2. Kokoto za zege ziwe ndogo, kama sentimita 2, tena safi pasipo vumbi, maana vumbi huizuia saruji isishike jiwe. Ziagizwe mbali na kuwekwa chungu mbali. Zikichanganywa na za tandiko, hakuna atakayejua zipi zimepungua.

Hesabu ikiisha, huja mapatano na muuzaji, na hapo neno la kuangaliwa ni "tripu." Tripu si kipimo, ni safari tu. Gari dogo lina tripu yake, na gari kubwa lina yake. Mnunuzi na apime mwenyewe tumbo la gari kwa kamba. Gari moja lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2, nazo kokoto hujaa hata nusu mita: ni mita za ujazo 3. Gari la pili lina urefu wa mita 3.5, kwa upana na kimo kile kile: ni mita 3.5. Kwa mfano tu, maana bei hubadilika, mwenye gari la kwanza ataka shilingi 120,000 kwa tripu, na wa pili ataka 133,000. Asiyehesabu atasema wa kwanza ni nafuu. Lakini 120,000 kwa 3 ni shilingi 40,000 kwa kila mita ya ujazo, na 133,000 kwa 3.5 ni 38,000. Tena tripu mbili za gari la pili ni mita 7 kamili, kwa shilingi 266,000. Akichukua gari la kwanza itampasa aite tripu tatu, alipe 360,000, naye atabaki na mita 2 asizozihitaji. Au aite tripu mbili, na ile mita moja iliyosalia ainunue kwa ndoo.

Kununua kwa ndoo si jambo la kudharauliwa. Katika sehemu nyingi za Tanzania wako watu, na wengi wao ni wanawake, wavunjao mawe kwa nyundo wakiwa wameketi chini ya kivuli cha matawi. Kokoto zao huwa na pembe nzuri. Ndoo ya lita 20 huingia mara 50 katika mita moja ya ujazo. Kwa hiyo bei ya ndoo ikizidishwa kwa 50 yaweza kulinganishwa na bei ya gari. Ndoo zijazwe sawasawa hata ukingoni. Ikipungua lita 2 kila ndoo, katika ndoo 50 zimepotea 5. Lakini mnunuzi naye asisukume chini kwa mguu na kudai nyongeza. Kujaza ndoo moja kwa nyundo ni kazi ngumu, na kumpunja aifanyaye si haki.

Wengine hutumia gari la ng'ombe. Tumbo lenye urefu wa mita moja na nusu na upana wa mita moja, likijazwa sentimita 30, ni mita za ujazo 0.45. Mita 7 zitataka safari 16. Mita moja ya ujazo ya kokoto zisizoshindiliwa ina uzito wa kama tani moja na nusu, basi kila safari ni karibu kilo 675. Asiyejua uzito huo hujaza mpaka juu, na ng'ombe huanguka njiani. Uzito huo pia hufaa pale muuzaji auzapo kwa tani: mita 7 ni tani 10 na nusu. Zisinunuliwe kwa tani siku ya mvua, hasa zenye vumbi jingi, maana maji nayo hupimwa kwa mizani.

Wakati wa kuagiza ni kati ya mavuno na mvua mpya. Mkoani Katavi mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kuendelea hata Aprili. Mwezi wa Agosti au Septemba mpunga umekwisha kuuzwa, fedha zipo, na njia za mashamba ni kavu. Anayengoja hata Desemba atalipia gari lililokwama. Taabu moja tu iko: kiangazi maji huwa machache, na zege hutaka kumwagiliwa siku 7 au zaidi ili likomae. Mkulima ahakikishe kwanza kisima chake, kisha ndipo ataje siku ya kazi.

Tena ni vizuri agizo liandikwe, hata kama muuzaji ni jirani. Maneno machache yatosha: "Kokoto zilizovunjwa, mchanganyiko, kubwa zisizidi sentimita 4, pasipo udongo. Mita za ujazo 7, kwa tripu mbili za mita 3.5. Zipimwe garini hapa nyumbani kabla ya kumwagwa. Bei ni pamoja na kuleta." Yale maneno "hapa nyumbani" yana maana. Barabarani gari hutikisika, na kokoto zilizokuwa nusu mita machimboni hufika zimeshuka. Muuzaji atasema hakuibiwa hata jiwe moja, naye asema kweli; lakini mnunuzi amehesabu nusu mita. Wakipatana mapema mahali pa kupimia, hapatakuwa na ugomvi.

Gari likifika, kilele cha mzigo hutandazwa kwa koleo hata uso uwe sawa, ndipo kijiti kichomekwe mpaka ubao wa chini, mahali pengi, katikati na pembeni. Akichomeka katikati tu atadanganyika, kwa kuwa mzigo huwa mrefu katikati. Vipimo hujumlishwa, na wastani wake hutumika. Mzigo umwagwe karibu na shimo, upande wa juu, juu ya ardhi iliyofagiwa; gari zito lisikanyage shimo lililokwisha kusawazishwa.

Siku ya kutandaza, udongo wa shimo hushindiliwa kwanza. Kokoto huwekwa kwa tabaka mbili, kila moja kama sentimita 6, hunyunyiziwa maji kidogo ili vumbi liteleze na kujaza nafasi, kisha hupigwa kwa gogo zito lenye mipini miwili, au kwa mashine ya kukodi ikiwa iko. Tabaka moja nene haishindiliki; juu huwa gumu, na chini hubaki limelegea. Ishara ya kuwa limekaza ni mlio: mwanzoni gogo huangukia kokoto kwa sauti ya kuchakarisha, na mwishoni hudunda kwa sauti nzito.

Kisha kamba hufungwa tena katika vigingi, na kimo hupimwa kila baada ya mita moja. Palipo chini huongezwa kokoto za chungu iliyobaki, na hapo ndipo ile sehemu ya ishirini iliyoongezwa huonyesha kazi yake. Kabla ya zege kumwagwa, tandiko hulowanishwa, ili mawe makavu yasinyonye maji ya zege. Sakafu hugawanywa kwa mbao katika vipande 12 vya mita 2 kwa 2, ili zege likinywea lipate mahali pa kuachana bila kupasuka ovyo. Zikisalia ndoo chache za kokoto, hutandazwa njiani penye kisima, maana huko wakati wa mvua matope hayaishi.